Mtu wa Mabano

20 Agosti

Leo gazeti limechapisha jina lake.

Basi la alfajiri liliniachia bunda la magazeti kama kawaida. Nikakata kamba, nikafungua ukurasa wa sita kuangalia habari yangu ya mfereji uliobomoka. Ipo. Sentimita nne, chini kabisa, imekalia tangazo la dawa ya nguvu za kiume. Imeanza kama zinavyoanza zote: Kot Sanwal (Namanigar). Juu yake, safu mbili kamili, kuna habari ya shule ya wasichana isiyo na maji, na pale ambapo mimi nina mabano, yeye ana jina. Zunaira Gurmani. Kwa herufi nzito.

Asubuhi nzima nimeliuza jina hilo kwa mikono yangu, nakala moja moja. Mimi ndiye wakala wa gazeti hapa. Hakuna mtu wa Kot Sanwal anayeweza kulisoma jina la Zunaira Gurmani bila kulipokea kutoka kwangu.

21 Agosti

Joto. Pamba imeanza kupasuka upande wa kusini. Sikutuma kitu.

23 Agosti

Kama yuko atakayeyasoma haya nikishafukiwa, asidhani namanigar ni ukoo wangu. Ni neno la kazi. Nililitafuta kwenye kamusi ya shule zamani, nilipokuwa kijana wa kusambaza magazeti kwa baiskeli. Nama ni barua, nigar ni mwenye kuandika. Enzi za manawabu alikuwa mtu aliyewekwa mji wa mbali amwandikie mtawala yanayotokea huko: mavuno yakoje, nani kaiba, nani kafa. Siku hizi mtawala ni mhariri aliyeko jijini Multan na barua inakwenda kwa faksi, ila mtu ni yuleyule. Yuko mbali, hana mshahara, na jina lake halimhusu yeyote.

Multan wana ngazi zao. Chini kabisa unaandikwa (Namanigar). Ukidumu, ukawapendeza, ukawaletea matangazo, unakuwa (Namanigar Hususi). Juu kabisa mabano yanaondolewa, unaandikwa jina lako kama mtu aliyezaliwa na mama. Mimi, Allah Wasaya, mtoto wa mpiga matofali, niliyejifunza kuandika habari kwa kusoma magazeti yaliyorudi bila kuuzwa, niko ngazi ya kwanza mwaka wa kumi na tisa.

Yeye karuka. Na aliyemwonyesha ngazi ilipo ni mimi. Alikuja dukani kipupwe kilichopita na baba yake, Mwalimu Gurmani, mkuu wa shule ya wavulana. Alikuwa na karatasi mkononi, kaandika insha. Nikamwambia, binti, habari haianzi na dua, inaanza na kilichotokea. Usiandike "wananchi wanalalamika". Mtaje mwananchi, sema analalamikia nini. Nikampa namba ya faksi ya Multan. Nikampa na jina la Bwana Shamim, anayeshughulikia habari za wilayani. Yote bure.

Ananiita Ami. Ukimwonea kijicho adui yako, angalau unaweza kukisema. Huyu anakuita baba mdogo, utakisemea wapi?

25 Agosti

Ramzu kinyozi, ambaye husoma gazeti langu kila asubuhi na hajapata kulinunua hata moja, leo kaniuliza mbele ya wateja, "Ami Wasaya, mabano hayo ndiyo lokapu? Maana binti wa mwalimu katembea huru ukurasa mzima, wewe bado umefungiwa."

Wakacheka. Nami nikacheka. Nilimnyang'anya gazeti.

29 Agosti

Uchumaji wa kwanza umeanza. Dada yangu Hajran ametoka na kundi lake kabla ya jua. Ni mkubwa kwangu, ni mjane, tunaishi ua mmoja, na ndiye anayewaongoza wanawake wanaochuma kwenye mashamba ya Malik Jahan Bakhsh. Wanajifunga ushungi kiunoni uwe mfuko, jioni wanapimiwa.

Alipoingia nilimuuliza Malik kapata kilo ngapi siku ya kwanza. Akanitajia, nikatuma: "Kot Sanwal (Namanigar). Uchumaji wa pamba umeanza kwa matumaini makubwa." Malik hupenda hilo neno, matumaini. Ana mashamba, ana kiwanda cha kuchambua pamba, na kila Idi matangazo yake ya pongezi hupitia kwangu kwenda Multan. Bila matangazo hayo kadi yangu ya uandishi isingedumu msimu mmoja.

3 Septemba

Jina lake tena. Safari hii wanawake wanaojifungulia njiani kwa kukosa gari. Kamtaja mwanamke, kataja kilometa, kataja dereva aliyekataa. Nimeisoma nikitafuta pa kuikosoa. Aya ya tatu ni ndefu.

Hajran hajui kusoma, lakini aliniomba nimsomee. Nikamwambia sina nafasi. Jioni nikamkuta anasomewa na binti wa jirani, anaitikia kichwa kama anayesikia habari anayoijua.

6 Septemba

Mvua. Si wakati wake.

7 Septemba

Mvua tena. Pamba iliyokwisha kufunguka imelala kama sufu ya kondoo aliyeanguka mferejini. Nimetuma habari. Haikutoka.

9 Septemba

Jua limerudi, na funza nao. Kila mkulima anasema hivyo: mvua ya sasa hivi ni mama wa funza. Duka la madawa lina foleni. Upepo ukigeuka, mji mzima unanuka kama vitunguu saumu vilivyooza. Malik ananyunyiza jioni na uchumaji unaendelea asubuhi, maana pamba iliyo wazi haingoji.

13 Septemba

Jana nilipita hospitali ya mji kama nipitavyo kila Jumamosi. Msaidizi wa daktari akafungua daftari: wachumaji wanne wameletwa, wanatapika, wanasikia kizunguzungu. Sababu, joto. Nikanakili, nikatuma. Imetoka leo hii, jambo ambalo si kawaida: "Kot Sanwal (Namanigar). Wachumaji wanne wa pamba wapatwa na joto kali. Wananchi washauriwa kunywa maji." Sentimita tatu, lakini ukurasa wa pili. Nimeibandika dukani.

15 Septemba

Leo Zunaira alikuja. Mimi napanga madaftari ya shule, yeye kasimama nje ya mlango kwa adabu mpaka mteja wa mwisho akaondoka. Akasalimu. Akaniuliza hali ya shemeji yake, ndivyo anavyomwita mke wangu akitania. Kisha akatoa karatasi tano.

Nilizisoma nikiwa nimesimama. Wale wanawake wanne si wanne, kasema, ni kumi na wawili. Wote walichuma kwenye mashamba yaliyonyunyizwa dawa jioni ya kuamkia siku hiyo. Kwenye dumu la dawa kumeandikwa, kwa herufi ndogo kama mbegu za ufuta, kwamba mtu asiingie shambani kabla ya siku saba. Hakuna aliyewasomea. Kayataja majina yao, mtu na dalili zake: macho kufifia, mate kutiririka, mikono kutetemeka. Mmoja, Naziran, mimba yake imeharibika.

Nikamwambia hospitali imeandika joto.

"Najua, Ami. Nimeisoma habari yako."

Hakuisema kwa ubaya. Ndiyo maana iliniuma. Aliomba nimwangalizie kama kuna kosa kabla hajaituma, kwa sababu, alisema, mimi ndiye niliyemfundisha. Nikamrudishia nikamwambia sina nafasi, kwamba siku hizi Multan wanamsoma yeye zaidi kuliko mimi, hana haja ya macho ya mzee. Akazikunja karatasi polepole. Akaniaga.

Kama habari yake ni kweli, yangu ya Jumamosi ni uongo. Nimeitazama ile sentimita tatu ukutani. Sikuibandua.

16 Septemba

Bwana Shamim kapiga simu kwenye kibanda cha Mukhtar, nikaitwa mbio. Si mtu wa maneno mengi.

"Wewe umeandika joto. Binti kaandika sumu, na kamtaja Malik. Mji ni mmoja. Nimwamini nani?"

Nilisema, "Mimi nimenakili daftari la hospitali, bwana. Yeye sijui kanakili wapi."

Kila neno hapo ni kweli. Nimelikagua kila moja kama mtu anayekagua noti. Akasema basi tutaiweka kando mpaka ithibitishwe. Nilipokuwa narudi dukani nilijisikia mwepesi. Nilinunua halua.

17 Septemba

Ukurasa wa sita hauna jina lolote. Nimeuza kwa raha.

19 Septemba

Malik ananyunyiza tena. Mawingu.

21 Septemba

Nitaandika kwa mpangilio, vinginevyo sitaweza.

Asubuhi kulikuwa na mawingu na upepo wa baridi, watu wametoa mablanketi mepesi. Saa nne gari la punda liliingia uani kwetu na wanawake watano, na juu yake kalala Hajran, ushungi wake wa kuchumia bado umefungwa kiunoni, umejaa nusu. Mate yanamtoka. Nilimwita, akageuza macho, lakini hayakuniona. Mboni zilikuwa ndogo kama ncha ya kalamu. Wanawake wakaniambia shamba lilinyunyizwa jana jioni. Umande wa asubuhi ulikuwa bado na dawa, na yeye ndiye aliyeingia wa kwanza, kama kawaida yake.

Tulimfikisha hospitali kwa gari lilelile. Msaidizi wa daktari akafungua daftari lake, akauliza jina, umri, akaandika. Mimi nimesimama nyuma ya bega lake. Niliona kalamu inaandika joto.

Nikamwambia nje kuna baridi. Nikamwambia jua halijatoka leo.

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli, mtu mwema tu, hana ubaya. "Bwana Wasaya, si wewe mwenyewe uliyeliandika gazetini? Wachumaji wanapatwa na joto. Nasi tumelibandika pale." Kweli, walikuwa wamelibandika. Juu ya meza ya sindano.

Hapo Zunaira aliingia. Wanawake walikuwa wamempelekea habari. Walijua pa kwenda. Mkononi alikuwa na karatasi iliyobanduliwa kwenye dumu la dawa, imeraruka pembeni, akaiweka juu ya daftari akamwonyesha kwa kidole mstari wa mwisho: mtu akidhurika apewe sindano gani. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Tafadhali, kaka, soma hapa." Akasoma. Sindano ilikuwepo kabatini. Hawakuwahi kuitumia kwa mchumaji.

Baada ya sindano ya tatu mate yalikatika.

Nilikaa chini kwenye sakafu kando ya kitanda. Humu sina wa kumficha, nitasema nilichowaza, na nilikiwaza dada yangu akiwa bado hajafungua macho: hata Hajran kaokolewa na karatasi ya Zunaira.

22 Septemba

Hajran anaongea. Mikono bado inatetemeka, anakunywa lasi ya maziwa ya mgando kwa kushikiwa. Kaniambia yeye ndiye aliyempa binti habari yote, tangu mwanzo. Majina kumi na mawili ni yeye kayataja. Dumu la dawa ni yeye kaliokota.

Nilimuuliza, na sauti yangu niliisikia kama ya mtoto, kwa nini hakuniambia mimi. Tunakula chungu kimoja. Mimi ndiye namanigar wa mji huu.

"Ungeniuliza ningekuambia," alisema. "Kila jioni naingia hapa uani unaniuliza swali moja: Malik kapata kilo ngapi. Yule mtoto siku ya kwanza aliniuliza, shangazi, mbona mikono yako imechubuka?"

Halafu akaomba mto.

Nimekaa na hilo siku nzima. Nimejaribu kukumbuka kama niliwahi kuiona mikono yake.

23 Septemba

Nilikwenda kwa Mwalimu Gurmani. Nikakaribishwa chai, nikapewa kiti cha heshima, mambo ambayo sikuyastahili, na nikaona nyuso zao si za wenye mgeni bali za wenye msiba. Karani wa Malik alikuwa amenitangulia. Hakutisha mtu. Alikunywa chai kwenye kikombe kilekile na akasema mkoa una uhaba wa wakuu wa shule huko milimani, upande wa pili wa Mto Sindhu, ambako basi hufika mara moja kwa juma, na kwamba ofisini wanatafuta mtu mwenye uzoefu. Ikitokea jina fulani likaonekana gazetini. Mwalimu ana mama yake aliyepooza. Ana mabinti wengine watatu wanaosoma.

Zunaira alikuwa amekaa pembeni, macho mekundu, hasira siyo kilio. "Jina langu likitoka, Baba anaondoka," alisema. "Nikilificha, Bwana Shamim hatachapa. Alisema habari kama hii haiwezi kukaa bila mtu wa kuisimamia. Na kesho kutwa wananyunyiza tena, Ami."

Nikamwambia anipe zile karatasi.

Alinitazama kwa shaka. Sikumlaumu. Akaniuliza nitazifanya nini. Nikamwambia, mwanangu, gazetini kuna neno ambalo halina uso wala baba wa kuhamishwa. Nimeliishi miaka kumi na tisa. Mji mzima wanajua likiandikwa hilo ni nani.

Akalielewa haraka kuliko nilivyotaka. Akaziweka karatasi mkononi mwangu, kisha hakuziachia mara moja. Tulizishika wote wawili kama watu wanaogombea nguo dukani. Halafu akaachia.

Jioni hiyohiyo nilizinakili kwa mwandiko wangu, kwa kuwa Shamim anaujua. Nilikaa kusahihisha. Nilitafuta neno la kuondoa, neno la kuongeza, chochote kiwe changu. Aya ya pili nilibadili sentensi, nikaisoma, nikairudisha ilivyokuwa. Ilikuwa habari nzuri. Nilichofuta ni kitu kimoja tu, juu kabisa, jina. Na humu sitadanganya: dada yangu anatetemeka chumba cha pili, nami mkono wangu ulipokata mstari juu ya jina lile, moyo wangu ulifurahi.

24 Septemba

Faksi ilipita baada ya kukwama mara mbili. Shamim akapiga.

"Juma lililopita ulisema hujui kanakili wapi. Leo ni yako?"

Nikamwambia nilikosea habari ya joto na niko tayari iandikwe hivyo. Nikamwambia dada yangu ni wa kumi na tatu, namba ya kitanda ninayo, karatasi ya dumu ninayo. Nadhani alijua. Mtu aliyesoma miandiko ya wilaya nzima hawezi asijue nani huandika sentensi fupi vile. Akauliza iandikweje.

"Andika kama unavyoandika siku zote," nikasema.

26 Septemba

Imetoka. Ukurasa wa kwanza, chini ya mkunjo, safu nne. Kot Sanwal (Namanigar).

Magazeti yaliisha kabla Ramzu hajafungua duka. Alipokuja nikamwambia la bure leo hakuna. Akatoa sarafu akanunua langu la mwisho. Sikujua kama ana mfuko.

27 Septemba

Karani wa Malik kaja. Kakaa, kakataa chai. Kasema Malik Sahibu kasikitika, si kwa ajili yake, kwa ajili yangu; kwamba kiwanda hakitachukua tena gazeti, na matangazo ya Idi yatapitia kwa mtu mwingine. Kisha akaniuliza, karibu kwa upole, kama kweli nimeyaandika mimi yale.

Nje walikuwepo watu sita wanaojidai wanachagua penseli.

"Kuna namanigar mwingine mji huu?" nikamuuliza.

Akainuka.

29 Septemba

Ofisa kilimo amefika kutoka wilayani na kamera. Magazeti mengine mawili ya Multan yameinakili habari. Malik kapigwa picha akiwa ameshika dumu la dawa, akisema yeye siku zote alisisitiza zile siku saba. Mashamba yaliyonyunyizwa yamefungwa kwa kamba nyekundu, wanawake wanachuma upande wa pili. Pamba iliyo wazi inangoja kumbe.

Jua. Hajran kaosha vyombo mwenyewe, kavunja kimoja.

2 Oktoba

Wananisimamisha njiani. Mwenye duka la vitambaa, imamu, hata mkuu wa polisi ambaye kwa miaka yote hakunijua ila kama mtu wa kumletea gazeti. Wananishika mkono kwa mikono miwili. Mzee mmoja, mume wa Naziran ni mwanawe, alikuja na kuku. Alisema hajui kusoma lakini amesomewa mara tatu, na ile sehemu ya mkwewe, pale palipoandikwa kwamba alikuwa ameshamshonea mtoto kofia, ni nani aliyeniambia habari ya kofia?

Sikuwahi kuijua habari ya kofia. Niliinakili tu.

Nikasema, "Watu, baba. Watu walisema." Nikampokea kuku, maana kumkataa kungekuwa tusi.

Miaka yote nilingoja mtu anisimamishe njiani kwa ajili ya habari. Sasa kila nikisifiwa najisikia kama mtu anayevaa koti la marehemu, limemkaa sawa, na kila mmoja anamwambia limempendeza.

6 Oktoba

Zunaira hajatuma kitu tangu siku ile. Nimefungua ukurasa wa sita kila asubuhi nikitafuta jina lake. Siku ya kwanza nilidhani ni raha ndiyo inanituma kutafuta. Leo sina uhakika.

9 Oktoba

Shamim kapiga mwenyewe. Makao makuu wamefurahi. Kuanzia toleo la kesho, kasema, mimi ni Namanigar Hususi. Kadi mpya itakuja na bunda.

Nikamwambia haifai. Akauliza kwa nini haifai. Mukhtar mwenye kibanda alikuwa ametega sikio, na nyuma yake foleni ya watu wa kupiga simu, na miongoni mwao binamu ya karani wa Malik. Nikisema kwa nini, Mwalimu Gurmani anafunga virago.

"Wasaya," alisema Shamim kwa sauti ya chini, mara yake ya kwanza kuniita bila bwana. "Lichukue. Ukilikataa, watu watauliza habari ile iliandikwa na nani."

Nikasema asante.

Hajran nilipomwambia alicheka mpaka akashika mbavu. "Wamekuongezea mabano," alisema, "ukae kwa nafasi."

10 Oktoba

Uchumaji wa pili unamalizika. Asubuhi ilikuwa safi, baridi kidogo, vumbi limetulia. Nimekata kamba ya bunda. Kadi ilikuwa juu, imefungwa kwa plastiki. Ukurasa wa sita: bei ya pamba, sentimita tano, habari ya kawaida ambayo mtu yeyote angeiandika. Kot Sanwal (Namanigar Hususi). Nililisoma neno hilo la pili mara nyingi. Nililitaka tangu nywele zangu zikiwa nyeusi.

Zunaira alikuja peke yake. Kwa kawaida gazeti la Mwalimu nampelekea nyumbani, lakini leo kaja kulichukua mwenyewe. Nikamwambia Bwana Shamim anauliza habari zake, kwamba visima vya upande wa kaskazini vimeanza kutoa maji ya chumvi na mimi sina miguu ya kwenda huko kuongea na wanawake. Nikamwambia kwa visima hakuna anayehamishwa, jina lake litarudi. Akasema atafikiri. Nikamwambia ile habari ya sumu ni yake, nitaisema siku baba yake akistaafu, kwa sauti, mbele ya Ramzu. Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayeahidiwa mvua ya mwaka ujao.

Kisha akalifungua gazeti palepale, ukurasa wa sita. Nilimwona anaifikia bei ya pamba. Hakusoma bei. Alisimama kwenye mabano, akayatazama, midomo imebana, kidole gumba kimefunika neno kana kwamba anaona litakuwaje lisipokuwepo.

"Hongera, Ami," alisema, akalikunja, akalipa, akaondoka.

Jicho lile nalijua. Nimelivaa msimu mzima.